Utando Ambao Haupo: Historia ya Nambari Moja ya Wahandisi

Leo naomba tuweke seva na simu kando kidogo. Nataka tuongee juu ya fomula moja fupi sana, ambayo mtu yeyote anayejua kuzidisha na kutoa anaweza kuiingiza kwenye programu kwa mstari mmoja tu:

N = k × A × (C* − C)

Fomula hii hukadiria gesi inaingia kwenye kioevu kwa kasi gani. N ni kiasi cha gesi kinachoingia kila sekunde. A ni eneo ambalo gesi na kioevu vinagusana. C* ni kiwango ambacho kioevu kingefikia kama kingeshiba gesi hiyo kabisa, na C ni kiwango kilichomo sasa hivi. Kwa hivyo (C* − C) ni njaa. Kioevu chenye njaa kubwa hula haraka, na kikikaribia kushiba hupunguza mwendo.

Herufi zote hizo zinaeleweka isipokuwa moja. Hiyo k ni nini? Ukimwuliza mhandisi atakwambia ni kizigeu cha uhamisho wa maada, kisha atafungua jedwali akutafutie thamani yake. Sisi waandishi wa programu tumezoea kupokea nambari za namna hiyo bila maswali mengi: tunaiweka juu ya msimbo, tunaipa jina, tunaendelea na kazi. Niliwahi kumwandikia mhandisi mmoja programu ya aina hii, na hiyo k ndiyo iliyonivuta nianze kusoma historia. Nikakuta hadithi ya zaidi ya karne moja, yenye moshi uliounguza mashamba, sheria ya bunge, utando ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona, na mwanamaji aliyekuwa akitegua mabomu London.

Twende polepole.

SHIBE YA MAJI

Tuanze na C*, kwa sababu ndiyo iliyojulikana kwanza. Katika mji wa Manchester, Uingereza, kulikuwa na mwuza dawa aliyeitwa Thomas Henry. Miongoni mwa bidhaa zake kulikuwa na maji yenye gesi, yaani babu wa hizi soda tunazokunywa. Mwanawe, William Henry, akawa daktari na mwanakemia. Mwaka wa 1803 Shirika la Kifalme la London lilichapisha majaribio yake kuhusu kiasi cha gesi ambacho maji hufyonza kwa viwango mbalimbali vya joto na shinikizo. Jibu lake ni rahisi: joto lisipobadilika, ukiongeza shinikizo la gesi juu ya maji mara mbili, gesi inayoyeyuka humo nayo huongezeka mara mbili. Ndiyo maana chupa ya soda ikiwa imefungwa imetulia kimya, na ukiifungua shinikizo linashuka na gesi inaanza kukimbia.

Kanuni ya Henry inafanya kazi hadi leo, na hapa kwetu unaweza kuiona kwa kulinganisha miji miwili. Maji safi yenye joto la nyuzi 25 yakishiba hewa pale Mombasa huwa na takriban miligramu 8.3 za oksijeni katika kila lita. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Zidisha 8.3 kwa 0.82 upate 6.8. Maji yaleyale, kwa joto lilelile, yakipandishwa Nairobi hushiba kwa miligramu 6.8 tu. Samaki wa bwawani Nairobi anaanza siku akiwa na akiba ndogo kuliko mwenzake wa pwani, ingawa baridi ya huko humrudishia sehemu yake, kwa sababu maji baridi hubeba gesi zaidi.

Lakini angalia Henry ametuambia nini na hajatuambia nini. Ametuambia maji yatafika wapi. Hajatuambia yatafika lini. Kwa mwenye chupa ya soda hilo si tatizo, anaweza kungoja. Kwa mwenye kiwanda kinachotoa gesi yenye sumu usiku na mchana, swali la lini ndilo swali lenyewe.

MOSHI WA CHUMVI

Mwaka wa 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Sisi neno magadi tunalijua jikoni, kwenye kulainisha maharagwe na mboga za kienyeji, lakini viwanda vya Ulaya viliyahitaji kwa wingi kwa ajili ya sabuni, vioo na nguo. Katika njia ya Leblanc, chumvi huchanganywa na asidi ya salfuriki kwanza. Kinachobaki huchomwa pamoja na makaa ya mawe na mawe ya chokaa, na mwishowe hutoka magadi.

Tatizo lilikuwa katika hatua ya kwanza. Chumvi ikikutana na asidi hiyo hutoa gesi ya haidrojeni kloridi. Hesabu ya kemia inaonyesha kwamba kwa kila tani moja ya magadi, hutoka karibu kilo 690 za gesi hiyo. Ikigusana na unyevu hugeuka kuwa asidi kali. Katika sehemu za Lancashire na Glasgow zilizokuwa na viwanda hivi, miti ilikauka, mazao yaliungua, na wenye mashamba walijaa mahakamani. Wenye viwanda wengine waliona dawa ni bomba refu la moshi. Kiwanda cha St Rollox pale Glasgow kilijenga bomba lililokamilika mwaka wa 1842, lenye urefu wa zaidi ya futi 430, yaani kama mita 133. Bomba refu halikuondoa gesi. Liliipeleka kwa majirani wa mbali zaidi.

Mtu aliyeona njia nyingine ni William Gossage, aliyekuwa na kiwanda Stoke Prior, wilayani Worcestershire. Inasimuliwa kwamba alichukua kinu cha upepo kilichokuwa kimeachwa, akakijaza matawi na vichaka, akaruhusu maji yatiririke kutoka juu huku gesi ikipita katikati. Maji yalitambaa juu ya kila tawi, gesi ikawa inakutana na maji kila upande. Mwaka wa 1836 alipata hataza ya mnara wake. Ukirudi kwenye fomula yetu utaona Gossage alifanya nini: aliongeza A. Hakubadilisha maji wala gesi, aliongeza eneo la kukutana.

Hata hivyo mnara ni gharama, na si kila mtu alitaka kuulipia. Mwaka wa 1862 kamati ya bunge chini ya Lord Derby ilichunguza malalamiko, na mwaka wa 1863 ikapitishwa sheria iliyojulikana kama Alkali Act. Sheria hii ilikuwa na nambari ndani yake: kila kiwanda cha magadi kinase angalau asilimia 95 ya gesi hiyo ya asidi. Mkaguzi wa kwanza alikuwa mwanakemia Robert Angus Smith, yuleyule ambaye katika kitabu chake cha mwaka wa 1872 aliandika juu ya mvua ya asidi. Mwaka wa 1874 sheria ikakazwa kwa kuweka kikomo cha gesi inayotoka kwenye bomba lenyewe, kiasi ambacho kwa vipimo vya leo ni karibu gramu 0.46 kwa kila mita ya ujazo.

Hebu jiweke mahali pa mwenye kiwanda wa mwaka wa 1863. Serikali imekuamuru asilimia 95. Mnara uwe na urefu gani? Hakuna aliyeweza kukujibu kwa kalamu na karatasi. Ulijenga, ukapima, ukaongeza, ukapima tena. Henry alikuwa amekupa C*, Gossage amekupa A, lakini k ilikuwa bado haijazaliwa.

Mkaguzi mwingine wa sheria hiyo, George E. Davis, alizunguka viwandani akaona kwamba viwanda vinavyotengeneza vitu tofauti vinarudia kazi zilezile: kupasha joto, kukausha, kuchuja, kufyonza gesi. Mwaka wa 1887 alianza kutoa mihadhara 12 Manchester juu ya kazi hizo, na mwaka wa 1901 akachapisha kitabu chake cha uhandisi wa kemikali. Kwa lugha yetu ya programu, Davis alitoa maktaba ya vipengele vinavyoweza kutumika tena. Fani nzima ya uhandisi wa kemikali ina mizizi yake katika ukaguzi wa moshi.

Na kabla hatujaondoka hapa, kuna uzi unaofika hadi Kenya. Njia ya Leblanc ilishindwa na njia ya Ernest Solvay, Mbelgiji aliyeianzisha mwaka wa 1861. Ndani ya minara ya Solvay, maji ya chumvi hufyonza amonia na kisha kaboni dioksidi, na magadi hupatikana bila ile gesi ya asidi. Kwa maneno mengine, ufyonzaji wa gesi uliokuwa dawa ya uchafu ukawa ndio kiwanda chenyewe. Kampuni ya Brunner Mond ilianzishwa Uingereza mwaka wa 1873 ili kutumia njia hiyo. Mwaka wa 1924 kampuni hiyohiyo ikachukua Kampuni ya Magadi Soda, iliyokuwa imeanzishwa mwaka wa 1911 kuchimba magadi ya Ziwa Magadi. Ajabu ni kwamba pale ziwani hapakuhitajika mnara wala amonia, kwa kuwa magadi yamejitengeneza yenyewe na yametanda juu ya ziwa kama barafu.

TANDO MBILI

Sasa tufike kwenye k. Msingi wake uliwekwa mwaka wa 1855 na Adolf Fick, Mjerumani mtaalamu wa fiziolojia. Fick alisema kwamba kitu kilichoyeyuka husafiri kutoka penye wingi kwenda penye uchache, na kasi yake inalingana na mwinuko wa tofauti hiyo, kama vile joto linavyosafiri ndani ya chuma. Kila kitu kina nambari yake ya mtawanyiko, tuiite D. Kwa oksijeni ndani ya maji, D ni karibu milimita mraba 0.002 kwa sekunde. Ni ndogo mno. Kama oksijeni ingetegemea mtawanyiko peke yake, bwawa lenye kina cha mita moja lisilosogea kabisa lingehitaji miaka kujaa.

Lakini maji hayatulii. Yanakorogeka, yanavurugika, na mambo yanakwenda haraka kuliko Fick alivyohesabu. Utafanyaje hesabu ya maji yanayovurugika?

Mwaka wa 1923 Walter Whitman, wa chuo cha MIT kule Marekani, alichapisha makala yenye jibu. Mwaka uliofuata yeye na Warren K. Lewis, mkuu wa idara ya uhandisi wa kemikali chuoni humo, wakalieleza kwa upana zaidi. Wazo lao ni hili. Katikati ya maji kuna mvurugiko, kwa hivyo hapo gesi iliyoyeyuka imesambaa sawasawa. Katikati ya gesi vilevile. Vikwazo viko mpakani tu. Pale mpakani kuna utando mwembamba wa maji yaliyotulia na utando mwembamba wa gesi iliyotulia, na molekuli inayosafiri lazima ivuke zote mbili kwa mtawanyiko wa Fick. Penye mstari wenyewe wa mpaka, kanuni ya Henry inatimia papo hapo.

Ukikubali picha hiyo, k inapata maana: ni D ukigawanya kwa unene wa utando. Mnara wa kawaida unaweza kuwa na k ya milimita 0.1 kwa sekunde upande wa maji. Gawanya 0.002 kwa 0.1 upate unene wa milimita 0.02. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo mara kadhaa.

Uzuri mkubwa wa tando mbili ni kwamba vikwazo hujumlishwa. Fikiria safari ya kwenda kijijini: kwanza barabara ya lami, halafu njia ya matope. Muda wa safari ni jumla ya sehemu mbili. Kama matope ndiyo yanayokula saa tano na lami dakika ishirini, kupanua lami hakutakufikisha mapema. Kwa alama:

1/K = 1/kL + 1/(H × kG)

K ni ya safari nzima, kL ni ya utando wa maji, kG ni ya utando wa gesi. H ni uwiano wa Henry, yaani kiwango cha gesi hewani ukigawanya kwa kiwango kilichomo majini wakati vimesawazika.

Tuweke nambari. Chukua kL ya sentimita 20 kwa saa na kG ya sentimita 3,000 kwa saa, ambazo ni thamani zinazofaa kwa uso wa bahari. Oksijeni haipendi maji, H yake ni karibu 30. Upande wa maji tunapata 1/20 = 0.05. Upande wa hewa tunapata 1/(30 × 3,000) = 0.000011. Karibu ukinzani wote uko majini. Sasa chukua amonia, ambayo inayapenda maji mno, H yake karibu 0.0007. Upande wa maji ni 0.05 vilevile. Upande wa hewa ni 1/(0.0007 × 3,000), yaani karibu 0.48. Mambo yamegeuka: sehemu 9 kati ya 10 za ukinzani ziko hewani.

Hii si hesabu ya kujifurahisha. Inakwambia uweke pesa zako wapi. Mwenye bwawa la samaki anayetaka oksijeni iingie akoroge maji, ayarushe juu, ayavunjevunje. Mwenye kiwanda anayetaka kunasa amonia, au ile gesi ya asidi ya Leblanc inayoyeyuka kwa urahisi mno, ashughulike na mwendo wa gesi. Kabla ya Whitman na Lewis watu walijua mambo haya kwa uzoefu wa mmojammoja. Baada yao, mwanafunzi aliweza kuyapata kwa mistari miwili ya hesabu.

KUTOKA k HADI UREFU WA MNARA

Tulimwacha mwenye kiwanda wa mwaka wa 1863 akisubiri jibu. Jibu lake lilipata sura nyepesi mwaka wa 1935, wakati Chilton na Colburn wa kampuni ya DuPont walipochapisha njia ya kugawa mnara katika vipande, ambavyo tunaweza kuviita hatua za uhamisho. Urefu wa mnara ni urefu wa hatua moja ukizidisha kwa idadi ya hatua. Urefu wa hatua moja ndimo k na A zinamoishi: k ikiwa kubwa, hatua inakuwa fupi. Idadi ya hatua inategemea usafi unaoutaka tu.

Kwa gesi inayoyeyuka kwa urahisi sana, idadi ya hatua ni logi asilia ya kilichoingia ukigawanya kwa kilichotoka. Sheria ilitaka asilimia 95 inaswe, maana yake kati ya sehemu 20 zinazoingia, sehemu 1 tu itoke. Logi asilia ya 20 ni 3.0. Tuseme hatua moja kwenye mnara wako ni mita 0.6. Basi:

Asilimia 95: hatua 3.0, mita 1.8
Asilimia 99: hatua 4.6, mita 2.8
Asilimia 99.75: hatua 6.0, mita 3.6
Asilimia 99.9: hatua 6.9, mita 4.1

Tazama mstari wa kwanza na wa tatu. Ukiongeza urefu mara mbili, gesi inayotoroka haipungui kwa nusu. Inashuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 5 ya hizo 5, yaani 0.25. Mara 20! Wenye viwanda hawakuwa na jedwali hili, na wabunge hawakuwa nalo pia. Laiti jedwali lingekuwepo, huenda mjadala wa mwaka wa 1863 ungekwenda njia nyingine, kwa kuwa usafi zaidi ulikuwa rahisi kuliko walivyodhani wote wawili.

Kwa bwawa au tangi lenye mapovu kuna shida ya ziada. Nani atahesabu eneo la mapovu yote? Wahandisi walikata shauri kuunganisha k na eneo lililomo katika kila mita ya ujazo, wakayapima pamoja kama nambari moja. Katika miaka ya 1940, penisilini ilipoanza kukuzwa ndani ya matangi makubwa, nambari hiyo ndiyo iliyoamua kama kuvu atapumua au atakufa. Tufanye mfano wa tangi la mita za ujazo 100. Nambari yetu ni 2 kwa saa, maji yanashiba kwa 8.3 na sasa yana 3.3. Njaa ni 5. Zidisha kwa 2 upate miligramu 10 kwa lita kwa saa, ambazo kwa tangi zima ni kilo 1 ya oksijeni kwa saa. Lakini hiyo ni kasi ya mwanzo tu. Kama hakuna kiumbe anayeitumia, baada ya dakika 21 hivi njaa imebaki nusu, na kasi nayo nusu.

MTEGUA MABOMU

Sasa tatizo. Huo utando uko wapi?

Hakuna aliyeuona. Na kulikuwa na sababu ya kuutilia shaka. Kama k ni D ukigawanya kwa unene, basi gesi yenye D mara nne inapaswa kuwa na k mara nne. Vipimo vya upande wa maji havikukubali. Mara nyingi vilikaribia kipeuo cha pili cha D: D mara nne, k mara mbili tu. Mwaka wa 1935 Ralph Higbie alipendekeza picha nyingine. Kipande cha maji hufika usoni, hukaa muda mfupi kikinywa gesi, kisha huzama na nafasi yake kuchukuliwa na kingine. Kwa muda t, k ni 2√(D/πt). Hakuna utando uliotulia, kuna foleni ya wanywaji. Ila Higbie aliwapa wote muda sawa.

Peter Danckwerts alizaliwa mwaka wa 1916, akasomea kemia Oxford. Mwaka wa 1940 alijiunga na akiba ya jeshi la majini la Uingereza na akapewa kazi ya kutegua mabomu makubwa ya kijerumani yaliyokuwa yakishushwa London kwa miavuli. Mabomu hayo yalikuwa na saa ndani, na yaliyokwama bila kulipuka yaliweza kuanza tena kuhesabu yakiguswa. Alishughulikia 16 katika muda wa karibu saa 48, na mwaka huohuo akatunukiwa nishani ya George Cross. Mwaka wa 1943 alijeruhiwa na bomu la ardhini huko Sicily. Vita vilipokwisha alikwenda kusoma uhandisi wa kemikali, na chuo alichokwenda kilikuwa MIT, nyumbani kwa tando mbili.

Mwaka wa 1951, akiwa Cambridge, alichapisha makala iliyosahihisha picha hiyo. Vipande vya maji usoni, alisema, havikai muda sawa. Kimoja hufagiliwa mara moja, kingine hudumu, na ni bahati nasibu. Mtu asiongee juu ya unene wa utando, aongee juu ya kasi ambayo uso unafanywa upya. Ukiiita kasi hiyo s, hesabu inatoa k = √(D × s). Kipeuo cha pili cha D kinajitokeza chenyewe, kama vipimo vilivyotaka.

Hapa ndipo jambo linaponigusa kama mwandishi wa programu. Je, s inapimika moja kwa moja? Kwa kawaida hapana, kama vile unene haukupimika. Unapima k, halafu unarudi nyuma ukihesabu s. Ukiangalia kwa makini, Danckwerts hakuondoa tusilolijua, alilihamisha kutoka kwenye unene hadi kwenye kasi. Lakini alilihamishia mahali panapofanana zaidi na maji ya kweli, na ndiyo sababu picha yake inabashiri vizuri zaidi unapobadilisha gesi.

Na tando mbili za Whitman? Hazikutupwa. Ukipima k kwa gesi fulani katika mnara fulani, na ukaitumia kwa gesi hiyo katika mnara huo, majibu ya nadharia hizi hayatofautiani sana. Lile wazo la kujumlisha vikwazo linasimama hata utando usipokuwepo. Kwa hivyo hadi leo wanafunzi wanafundishwa utando kwanza. Tunaofanya kazi na tarakilishi tunalijua jambo hili: faili, folda na madirisha hayapo ndani ya mashine kwa sura tunayoyaona, lakini mtu anayafanyia kazi na barua inafika. Picha isiyo ya kweli ina faida ikiwa mipaka yake inajulikana. Hatari huanza nambari inapochukuliwa kutoka kwenye jedwali na kupelekwa mahali ambapo haikupimwa: k ya maji safi kutumiwa kwa maji yenye mafuta au sabuni, k ya tangi la maabara kutumiwa kwa bwawa la ekari moja. Fomula haitalalamika. Itatoa jibu lenye desimali nne.

BAHARI

Mwaka wa 1974 Liss na Slater walichapisha katika jarida la Nature makala iliyochukua tando mbili za mnara wa kiwandani na kuzitandaza juu ya bahari yote. Zile thamani za 20 na 3,000 tulizotumia juu zilitoka kwao. Swali likawa lilelile la Stoke Prior, ila mnara sasa ni dunia.

Bahari hufyonza takriban robo ya kaboni dioksidi tunayoitoa kwa kuchoma mafuta na kukata misitu. Kaboni dioksidi, kama oksijeni, kikwazo chake kiko upande wa maji, na kinachoyakoroga maji ya bahari ni upepo. Mwaka wa 1992 Rik Wanninkhof alipendekeza uhusiano ambao umetumika sana: k inakua kwa mraba wa kasi ya upepo. Upepo ukiongezeka maradufu, k inaongezeka mara nne. Kwa hivyo wanaokadiria bahari inatupunguzia mzigo kiasi gani wanahitaji upepo kutoka setilaiti, vipimo vya gesi majini kutoka melini, na k.

Hata ile alama ya kutoa ina kazi yake. Wakati wa kusi, upepo ukivuma kwa nguvu kandokando ya pwani ya Somalia, maji baridi ya chini huibuka yakiwa na kaboni dioksidi nyingi. Hapo C inakuwa kubwa kuliko C*, jibu linakuwa hasi, na bahari inatoa gesi badala ya kuichukua. Upepo uleule unaofanya k kuwa kubwa ndio unaoiharakisha kutoka. Anayejua k peke yake hajui mwelekeo, na anayejua njaa peke yake hajui kasi. Unahitaji zote mbili.

Mwaka wa 1863 bunge liliweza kuandika asilimia 95 kwenye sheria na kumtuma Angus Smith akapime kwenye bomba. Bahari haina bomba la kuwekea kipimo. Kiasi inachofyonza kinajulikana kwa kuhesabu, na ndani ya hesabu hiyo imekaa herufi moja iliyoanzia kwenye minara ya asidi, ikapewa utando ambao haupo, ikasahihishwa na mtegua mabomu, na bado inapimwa upya kila meli inapong'oa nanga. Ukikutana nayo kwenye ripoti au kwenye msimbo wa mtu, muulize mambo matatu kabla ya kuendelea: ilipimwa kwa gesi gani, katika maji gani, na kwa upepo au mkorogo wa kiasi gani. Mhandisi mzuri atafurahi kwamba umeuliza.